Vijana wetu na utafiti wa figo

Ndugu zetu wengi wa Hyattsville hupita kila siku karibu na jengo la Toledo Road bila kujua kuwa ndipo ilipo NCHS, ofisi ya takwimu za afya ya Marekani. Vipimo vyake vya damu na mkojo vimesaidia kuonyesha kwamba hapa nchini zaidi ya mtu mzima 1 kati ya 7 ana ugonjwa sugu wa figo, na wengi wao hawajijui. Sisi weusi ndio tunaoumia zaidi.

Je, watoto wetu walioko vyuoni wanaweza kuingia katika utafiti huo? Wanaweza. Taasisi ya NIDDK, iliyo chini ya NIH huko Bethesda, imekuwa ikigharamia mafunzo ya kiangazi ya figo na njia ya mkojo katika vyuo vikuu mbalimbali, kwa wiki 10 hivi, pamoja na posho. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupewa mtafiti wa kumwongoza, huingia maabara, kisha husimama mbele ya wataalamu kueleza alichokipata.

Kikwazo, kama kawaida yetu, ni makaratasi: nafasi nyingi hutaka uraia au grinikadi. Tena mwaka 2025 NIH ilifuta mafunzo ya kiangazi ya maabara zake yenyewe. Kwa hiyo ulizeni vyuoni mapema. Maombi mengi hufungwa theluji ikiwa bado iko chini.