Mtindi, ndizi na chumvi: kinywaji cha baada ya mbio ndefu

Mazoezi yanayozidi saa moja na nusu, yawe ya kukimbia, kuendesha baiskeli au kupanda Mlima Rungwe, huuacha mwili na mapengo matatu. La kwanza ni maji na chumvi vilivyotoka na jasho. La pili ni glaikojeni, yaani wanga uliowekwa akiba kwenye misuli na ini. La tatu ni protini ya kukarabati misuli iliyochoshwa. Kinywaji kinachofaa ni kile kinachoziba pengo lililo kubwa zaidi kabla ya zoezi linalofuata. Anayekimbia tena kesho kutwa hana haraka: maji na chakula cha nyumbani vinamtosha. Anayefanya mazoezi alfajiri na kurudia jioni ndiye anayepaswa kuchagua kwa uangalifu, kwa kuwa muda wake wa kujaza akiba ni saa chache tu.

Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, ina mtego wake. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, una mvua nyingi na asubuhi za ukungu, hivyo mkimbiaji hurudi amelowa bila kujua lipi ni jasho na lipi ni manyunyu. Kwenye baridi kiu nayo hupungua. Mtu huyohuyo akiteremka na barabara ya Kyela hadi karibu na Ziwa Nyasa, lililo chini kwa zaidi ya mita 1,000, hukuta joto kali na kutoa jasho jingi zaidi kwa mwendo uleule. Kukisia hakusaidii, mizani husaidia. Aliyekuwa na kilo 62 kabla ya mbio na kilo 60.5 baada yake amepungukiwa takriban lita moja na nusu. Kwa vile sehemu ya anachokunywa itatoka kwa mkojo, anahitaji mara moja na nusu ya upungufu huo, yaani lita mbili na robo hivi, akizinywa kidogo kidogo kwa saa kadhaa.

Maji matupu kwa wingi si jibu kamili. Lita moja ya jasho hubeba wastani wa gramu moja ya sodiamu, ingawa watu hutofautiana sana. Anayekuta michirizi myeupe imekaukia kwenye fulana yake nyeusi huenda ni miongoni mwa wanaopoteza nyingi. Maji yakiingia bila chumvi, damu hupungua ukali na figo huyatoa upesi. Yakizidi mno, sodiamu ya damu hushuka hadi kiwango cha hatari. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikutwa na hali hiyo. Iliwapata zaidi walioongezeka uzito wakiwa njiani, maana yake walikunywa kupita jasho lao.

Pakiti ya ORS ya dukani, ikichanganywa na lita moja ya maji safi, huziba pengo la chumvi vizuri kuliko vinywaji vingi vya wanamichezo. Glukosi iliyomo huisaidia sodiamu kupenya ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Lakini ina gramu 13.5 tu za glukosi, kwa hiyo haijazi misuli. Soda ni kinyume chake: sukari tele, sodiamu karibu hakuna.

Hapo ndipo maziwa, ambayo Rungwe inayo kwa wingi, yanapopata nafasi yake. Nusu lita ina takriban gramu 17 za protini na 24 za wanga, pamoja na potasiamu na sodiamu inayokaribia ile ya vinywaji vya wanamichezo. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza waliona kwamba, baada ya mazoezi, maziwa yenye mafuta kidogo yalidumisha maji mwilini vizuri zaidi kuliko kinywaji cha wanamichezo. Protini na mafuta huyafanya yatoke tumboni polepole, na figo hazipati mafuriko ya ghafla.

Watu wazima wengi Afrika Mashariki hujaa gesi au kuharisha wakinywa maziwa matamu, kwa sababu hawasagi laktosi vizuri. Mtindi huwafaa zaidi, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi hiyo. Nusu lita ya mtindi, ndizi mbivu mbili zilizopondwa hadi mabonge yaishe, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili: hapo pana gramu 65 hadi 75 za wanga, kiasi ambacho mkimbiaji wa kilo 60 huhitaji kwa saa ya kwanza. Maziwa yaliyotoka zizini moja kwa moja sharti yachemke kwanza, hata yanayokusudiwa kugandishwa, kwa kuwa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo.

Chai haistahili sifa mbaya iliyopewa. Kafeini ya kikombe kimoja au viwili haimkaushi aliyeizoea, na wakimbiaji wa Kenya waliochunguzwa kambini walikunywa chai ya maziwa yenye sukari karibu kama walivyokunywa maji. Juisi nzito ya parachichi, pamoja na utamu wake, isubiri mlo wa baadaye: mafuta yake huchelewesha wanga kufika kwenye misuli. Kimpumu, ile pombe ya kienyeji, na bia visubiri zaidi, kwani pombe huongeza mkojo na kupunguza kasi ya misuli kujijenga.

Wenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo wamuulize daktari kabla ya kuongeza chumvi, sukari au potasiamu. Na mkimbiaji aliyekunywa maji mengi kisha akaumwa kichwa, akatapika na kuanza kuchanganyikiwa asiongezewe maji. Apelekwe hospitali mara moja.