Kuiongezea Kumbukumbu Kompyuta ya Zamani

Fungueni madaftari. Leo tutajifunza jinsi ya kuiongezea kumbukumbu kompyuta ya mezani ya zamani bila kupoteza fedha.

Tuseme kikundi chenu kina kompyuta moja. Ndiyo mnayoandikia orodha ya wakulima ambao mashamba yao yaliharibiwa na tembo, ili waombe kifuta jasho serikalini. Mkifungua orodha hiyo pamoja na barua, mashine yaganda, na watu wanangoja mlangoni. Je, mnunue nyingine? Ngojeni kwanza.

Ndani ya kompyuta mna mahali pawili pa kuweka mambo. Diski ni kama kihenge: nafaka yote hukaa humo, usiku na mchana. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, ni kama ungo: hushika ile nafaka unayoipepeta sasa tu. Umeme ukikatika, ungo hubaki mtupu. Na ungo ukiwa mdogo, huna budi kwenda na kurudi kihengeni kila mara, na kazi hukawia.

Kwanza, pimeni haja. Kama kompyuta yatumia Windows, fungueni kazi zote mnazozifanya kwa kawaida, kisha bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Tazameni palipoandikwa Memory. Ikiwa imejaa karibu yote, ramu ni haba. Ikiwa nusu yake i tupu, kuongeza ramu hakutaleta faida. Huenda diski ndiyo iliyochoka.

Pili, jueni aina. Ramu ni kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. DDR3 ilianza kuuzwa mwaka 2007, na DDR4 mwaka 2014. Kila aina ina pengo mahali pake, wala haiingii katika nafasi ya nyingine. Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Nilinunua Musoma kibao cha DDR4 cha GB 8, nikafurahi kwamba ni kipya na kikubwa. Kumbe kompyuta ya darasa ilikuwa ya DDR3! Muuzaji hakukubali kukirudisha, nami nikalipa fedha ya darasa kwa mshahara wangu.

Tatu, jueni kikomo. Ubao mkuu wa kompyuta una kiasi chake cha mwisho; ukizidisha, haupokei. Someni kitabu cha mashine, au mwulizeni fundi mkimpa jina na namba ya kompyuta. Tena Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, hata mkiweka GB 8.

Nne, msivutwe na bei. Ramu ya kompyuta ya mapajani ni fupi, haiingii katika ya mezani. Ramu nyingi za seva huuzwa rahisi, lakini kompyuta ya kawaida huzikataa. Na vibao viwili vya kasi mbalimbali vikikaa pamoja, vyote hufuata kasi ya kile cha polepole.

Basi, kabla ya kwenda Mugumu, zimeni kompyuta, chomoeni waya, mguse chuma cha sanduku lake ili umeme wa mwilini utoke. Fungueni vishikizo, mtoe kibao cha zamani bila kugusa meno yake, mkifunge katika karatasi safi, mwende nacho dukani. Mkiweza, bebeni sanduku lote, kibao kipya kijaribiwe kabla hamjalipa.

Maswali ya kujibu:
1. Ungo ni nini katika kompyuta, na kihenge ni nini?
2. Kwa nini twachukua kibao cha zamani kwenda dukani?
3. Ni wakati gani kuongeza ramu hakufai?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.