Vibofu vya Upepo Juu ya Maji ya Lualaba

Hapa Kindu, ambako reli itokayo kusini hukoma na mto Lualaba ukapokea mzigo kuupeleka Ubundu, chombo cha mvuvi tangu zama za mababu wa Wagenya ni mtumbwi wa gogo, nao una fadhila isiyotajwa sana: hata ukijaa maji, mti wake kwa kawaida hubaki juu, na mtu akapata pa kushika. Chombo cha upepo hakina fadhila hiyo. Nacho kipo, maana wavuvi wa mshipi wa Marekani na Ulaya huketi katika kiti cha turubai kilichozungushiwa kibofu cha hewa, miguu yao ikiwa majini, na maskini wa nchi nyingi huiga jambo lilo hilo kwa mpira wa ndani wa gurudumu la lori.

Wazo lenyewe ni la kale. Michongo ya Waashuri ya karne ya 9 kabla ya Masihi, iliyohifadhiwa London, yaonyesha watu wakivuka mto juu ya viriba vilivyojazwa pumzi. Na katika mto Dijla, hadi karne ya 20, vyelezo viitwavyo kelek vilishuka kutoka Mosul mpaka Baghdad vikibebwa na viriba vingi vya ngozi ya mbuzi, kila kimoja kimefungwa peke yake, hata kimoja kikilegea wenye chombo walikijaza tena safarini bila ya taharuki. Hekima ya watu wale, kwa rai yangu, yashinda ya mafundi wengi wa leo, wanaomkabidhi mtu roho yake kwa kibofu kimoja tu.

Mpira wa asili huvuja pole pole, tena jua huutia nyufa. Ule wa butili, uliobuniwa Marekani mwaka 1937, huzuia hewa zaidi sana, ingawa petroli na dizeli huvimbisha na kudhoofisha yote miwili. Lakini hasara kubwa hutokea ufukoni, kabla ya safari. Kibofu kilichojazwa alfajiri kikakazwa barabara, kisha kikaachwa mchangani mpaka kikapata joto la nyuzi 60, hewa yake hudai nafasi iliyozidi kwa karibu sehemu moja katika kumi, na mishono ndiyo ilipayo deni hilo; kikitiwa majini hunywea, naye mwenyewe huongeza upepo, na kesho jua humaliza kazi. Miiba ya mapezi ya ngogo, ndoana na visiki sina haja ya kuvieleza kwa watu wa mtoni.

Lita moja ya hewa majini hubeba karibu kilo moja, na mtu aliyezama hadi shingoni hahitaji ila kilo chache za msaada. Basi bidoni tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko barabara, lamtosha na kusaza, wala halijali mwiba mdogo.

Kwa hiyo, atakaye kuvua juu ya upepo na awe na vibofu viwili visivyoshirikiana hewa, avijaze jioni avikague asubuhi, avitie kivulini, na bidoni liwe karibu na mkono wake. Ama katikati ya mkondo, kati ya mji na Alunguli iliyo ng'ambo ya pili, na popote penye kiboko na mamba, chombo hicho hakifai kabisa. Huko apande mtumbwi.