Kulegeza Mwili Nako Kuna Mafunzo

Mwanafunzi mgeni wa karate hutambulika kwa mabega. Huyapandisha karibu na masikio, akakunja ngumi kwa nguvu kutoka mwanzo wa zoezi hadi mwisho, huku mwalimu akipaza sauti: "Legeza!" Amri hiyo ni sahihi, lakini haifundishi kitu. Mkono unaponyooka kupiga konde, msuli wa nyuma ya mkono wa juu hukaza, na wa mbele hupaswa kulegea ili uupishe. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alionyesha kuwa neva za uti wa mgongo ndizo huutuliza msuli pinzani. Mgeni mwenye hofu huikaza yote miwili kwa pamoja, mkono ukawa unajizuia wenyewe. Konde huchelewa, na uchovu humfika mapema.

Wapo wanaopinga wakisema mwili uliolegea huumizwa. Wana haki, kwa kuwa teke la tumboni halipokelewi kwa misuli laini. Lakini hakuna anayetaka mpiganaji awe legelege muda wote. Mwaka 2010, Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha vipimo vya umeme wa misuli ya wapiganaji watano mahiri wa mapigano mchanganyiko. Katika mapigo mengi misuli ilikaza mara mbili: kwanza kuanzisha mwendo, ikalegea kiungo kishike kasi, kisha ikakaza tena pigo lilipotua. Watano ni wachache, ila matokeo yao yanajibu hoja hiyo barabara: kukaza kuna wakati wake.

Je, miaka ya mazoezi haitoshi kuleta ulegevu huo? Daktari Mmarekani Edmund Jacobson, katika kitabu chake cha mwaka 1929, alieleza jinsi watu wanavyoishi na misuli iliyokaza bila kujua. Aliwafundisha kukaza kundi moja la misuli, kulihisi, kisha kuliachia. Anayerudia zoezi akiwa amekakamaa huzoea ukakamavu huohuo. Judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano mwaka 1882, inaling'oa tatizo kwenye mzizi wake, yaani hofu: mwanafunzi hufundishwa kwanza kuanguka, kidevu kikielekea kifuani na mkono ukipiga mkeka. Akishajua kuanguka salama, hana tena sababu kubwa ya kujikaza anaposhikwa.

Walimu, anzeni kipindi kwa dakika chache za kukaza na kuachia, mkianzia mabegani. Mwanafunzi akibaki mgumu, punguzeni kasi ya zoezi kabla ya kumkemea.