Meli Haina Breki: Somo la Mwendo Ufukweni Kigoma

Ndugu msomaji, kama umewahi kusimama ufukweni Kibirizi, mjini Kigoma, bila shaka umeliona jambo hili. Boti iliyosheheni abiria na mizigo inakaribia nchi kavu. Nahodha anaizima mashine ingali mbali, lakini boti inaendelea kuja kimya kimya mpaka pua yake inagusa mchanga. Mashine imenyamaza. Ni nini basi kinachoisukuma?

Jibu ni kwamba hakuna kinachoisukuma. Kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake, kwa kasi ile ile na katika mstari ulionyooka, mpaka kani fulani ikizuie au ikigeuze. Na kitu kilichotulia huendelea kutulia mpaka kani ikiondoe mahali pake. Tabia hiyo ya vitu huitwa inesha. Mwingereza Isaac Newton aliieleza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1687, lakini mpiga kasia yeyote wa Ujiji huijua kwa mikono yake.

Ukitaka kuwafundisha watoto, huna haja ya maabara. Weka postikadi juu ya mdomo wa bilauri, na juu yake weka sarafu. Ivute kadi polepole, nayo sarafu itafuatana nayo. Irudishe, kisha ichomoe kwa ghafla: sarafu itatumbukia ndani ya bilauri. Kadi imeondoka upesi mno hata haikupata nafasi ya kuichukua sarafu.

Sasa mpe mtoto beseni la maji, atembee nalo uani, kisha mwambie asimame ghafla. Maji yatamwagika kwa mbele. Ndivyo walivyo abiria wa treni ya Reli ya Kati: inapoondoka kwa kishindo huyumba nyuma, na breki zinaposhikwa huyumba mbele.

Kani inayovizuia vitu kila siku bila sisi kuitambua ni msuguano. Funga uzi kwenye tofali, ulivute juu ya sakafu. Kisha litandikie penseli za mviringo, ulivute tena. Utaona jinsi kazi ilivyopungua. Kwa sababu hiyo watu wanaopandisha mtumbwi mzito ufukweni hutanguliza magogo chini yake. Hata hivyo, tusiulaumu msuguano. Bila huo tusingeweza kupiga hatua moja, na fundo la kamba lisingeshika.

Hata meli mashuhuri ya Liemba ina somo lake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ililetwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nene. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba. Grisi, ambayo kwa kawaida hupunguza msuguano baina ya vyuma, safari hiyo ilitumika kuvikinga na kutu.

Kadiri chombo kilivyo kizito, ndivyo inavyokuwa vigumu kukisimamisha. Kwa miaka mingi, mahali pasipo na gati, Liemba ilisimama majini na mitumbwi ikaifuata kuchukua abiria. Nahodha wa meli kama hiyo hupunguza mwendo mapema, kwani maji hayana msuguano wa kutosha kuikamata mara moja. Mwenye mtumbwi anayekatiza mbele ya meli kwa kudhani kwamba itasimama, anaihatarisha roho yake.

Hatari nyingine ni ndogo kwa macho, nayo huwapata zaidi wenye haraka. Unaporuka kutoka botini kwenda nchi kavu, mguu wako huisukuma boti nyuma, nayo huteleza majini kwa wepesi. Pengo hufunguka chini yako, ukaangukia katikati. Basi, mama aliyebeba mtoto na baba mwenye gunia begani wasubiri boti ifungwe kamba, waweke mguu mmoja nchi kavu, kisha ndipo wauinue wa pili. Na boti ingali inakwenda, kila mtu aketi, maana pua itakapogusa mchanga, boti itasimama lakini aliyesimama wima ataendelea na safari.

Jumapili moja, ndugu msomaji, wachukue wanao ufukweni. Boti inapozimwa mashine, waulize: itasimama wapi? Waache wakisie, kisha watazame wenyewe. Mtoto aliyelielewa jambo hilo hatahitaji kukaripiwa ili aketi chomboni.