Lenzi Ndogo ya Kukunjwa na Kumbukumbu za Nyumba

Mwezi wa Juni, mwaka 1940, Koplo Henri Cartier-Bresson wa jeshi la Ufaransa alitekwa na Wajerumani. Kabla ya hapo alikuwa ameifukia ardhini kamera yake aina ya Leica, katika shamba moja huko milima ya Vosges. Alikaa kifungoni karibu miaka mitatu. Alitoroka mara mbili akakamatwa. Mara ya tatu, mwaka 1943, akafanikiwa. Ndipo alipokwenda kuifukua kamera yake na kuendelea na kazi iliyomfanya ahesabiwe, hadi alipofariki mwaka 2004, kuwa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa karne.

Kamera ya kufichwa namna hiyo haina budi kuwa ndogo. Udogo huo haukuja kwa bahati. Ulitoka katika kichwa cha fundi Mjerumani, Oskar Barnack, wa kiwanda cha Leitz katika mji wa Wetzlar. Barnack alikuwa mgonjwa wa pumu, na kamera za siku zile, zenye vioo vizito na miguu mitatu, zilimchosha kupanda nazo vilimani. Akachukua mkanda wa filamu ya sinema wenye upana wa milimita 35, akaukuza upana wa picha moja mara mbili hata ukafika milimita 24 kwa 36, na karibu mwaka 1914 akawa amekwisha kuunda kamera ya kutia mfukoni. Kamera hiyo ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925.

Lakini kamera ndogo yenye lenzi ndefu ni kama kisu kisicho na ala. Mtaalamu Max Berek alisanifu lenzi ya vipande vinne vya kioo, iliyoitwa Elmar, yenye urefu wa kioo wa milimita 50 na tundu kubwa la 3.5. Mrija wake huvutwa nje wakati wa kazi na kusukumwa ndani kazi ikiisha. Mwaka 1932 ikaja Leica ya pili, ambayo ndani yake mlikuwa na kipima-umbali kilichoungana na lenzi: mpiga picha huona taswira mbili, huzungusha lenzi, na taswira hizo zikikutana na kuwa moja, umbali umepatikana.

Muundo huo ulienea. Katika Umoja wa Kisovyeti, vijana wa makao ya kazi yaliyokuwa Kharkov, yaliyoitwa kwa jina la Felix Dzerzhinsky, walianza mwaka 1934 kutengeneza kwa wingi kamera ya FED kwa mfano wa Leica. Mwaka 1948 ikafuata Zorki. Hizo nazo zilitoka na lenzi za kukunjwa za milimita 50. Kwa hiyo mtu akikuta katika sanduku la marehemu babu kamera ya chuma yenye lenzi fupi inayovutika, asiitupe. Filamu ya milimita 35 bado inatengenezwa, na chombo hicho kikikaguliwa na fundi chaweza kufanya kazi tena.

Hata hivyo, chombo hiki hakimhurumii mzembe. Siku ya gwaride la kuhitimu haijirudii, wala arusi, wala siku bibi alipokuja kumpakata mjukuu wa kwanza. Picha 36 zaweza kupotea zote kwa kosa la nukta moja.

Kosa la kwanza ni kusahau kuivuta lenzi. Yapasa ivutwe hadi mwisho, kisha izungushwe kidogo mpaka ijifunge. Katika kamera hii jicho halipiti ndani ya lenzi, bali hutazama katika kidirisha kilicho kando. Kwa sababu hiyo, lenzi ikiwa imekunjwa, mpiga picha ataona kila kitu kimetulia vizuri kabisa, na filamu itatoka na ukungu mtupu. Kosa la pili ni ndugu wa hilo: kuacha kifuniko mbele ya lenzi. Kidirisha hakitamwonya, na filamu itatoka haina kitu. Kosa la tatu ni filamu kutoshikwa na meno ya kamera. Dawa yake ni kutazama kirungu cha kurudishia filamu: mkanda ukisogezwa, nacho hakina budi kuzunguka.

Kuhusu mwanga, lenzi nyingi za zamani zina hesabu tofauti na za siku hizi. Penye 5.6, 8, 11 na 16, Elmar za mwanzo zina 6.3, 9, 12.5 na 18. Kwa filamu ya ISO 100, jua likiwa kali, chukua 16 au 18 na kasi ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Mawingu yakitanda, chukua 8 au 9. Kivulini penye anga wazi, chukua 4 au 4.5. Saa za kuchagua ni za asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri, kwa maana jua la adhuhuri hutia giza machoni mwa watu, hasa walio na kofia.

Aliye na haraka, kama katika gwaride, hahitaji kupima kila mara. Aweke tundu 8 na umbali wa mita 5. Kila kilicho kati ya mita tatu na nusu na mita tisa hivi kitaonekana vema. Akimkaribia mtu hadi mita moja, ambao ndio mwisho wa lenzi hii, aache nafasi juu ya kichwa, maana kidirisha na lenzi havitazami mahali pamoja kabisa.

Lenzi zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili kwa kawaida hazina utando wa kuzuia mng'ao. Zikilielekea jua, picha hupauka. Jua na liwe nyuma ya mpiga picha au ubavuni, na lenzi ikingwe kwa kofia yake. Tena kamera hizi zina pazia la kitambaa. Ikiachwa mezani bila kifuniko, huku lenzi imelielekea jua, miale yaweza kulitoboa pazia kama kioo kichomavyo karatasi. Hapo ndipo kifuniko kinapokuwa rafiki.

Lenzi ya skrubu ya milimita 39 huweza kufungwa katika Leica za aina ya M, zilizoanza mwaka 1954, kwa kutumia pete maalumu. Lakini baadhi ya kamera za baadaye zina kipima-mwanga nyuma ya lenzi. Lenzi ikisukumwa ndani yaweza kukigonga. Katika hizo, iachwe imevutwa.

Unyevunyevu ndio adui wa nyumbani. Mfuko wa ngozi hutunza unyevu, na ndani ya kioo huota kuvu kama utando wa buibui. Kamera ikae mahali pakavu penye hewa, na kioo kifutwe kwa kitambaa laini baada ya kupuliza vumbi. Kufungua lenzi ni kazi ya fundi.

Askari hahitaji kukumbushwa kwamba kambi, silaha na vituo vya ulinzi havipigwi picha bila idhini. Penye ruhusa na furaha, apige kwa utaratibu. Picha zikisafishwa, mama wa nyumba aandike nyuma ya kila moja, kwa penseli, jina, mahali na tarehe, na mikanda ya filamu ihifadhiwe kwenye bahasha kavu. Baba akihamishiwa kituo cha mbali, watoto watamwona mezani. Nao wakikua, watawajua wazee wao kwa sura na kwa majina.