Bastola, Chupa na Vidonge Havikai Nyumba Moja

Katika nyumba nyingi za askari na maafisa wa usalama vimo vitu vitatu ambavyo kila kimoja, kikiwa peke yake, ni halali kabisa. Cha kwanza ni bastola, aliyokabidhiwa mwenye nyumba kwa kazi yake au aliyopewa kibali cha kuimiliki. Cha pili ni chupa ya pombe, iliyonunuliwa kwa fedha yake ya halali baada ya zamu. Cha tatu ni pakiti ya vidonge, alivyoandikiwa na daktari kwa maradhi yake. Hakuna hakimu atakayemshika mtu kwa kimoja katika vitu hivi. Lakini vikutanishwe vyote mikononi mwa mtu mmoja, usiku mmoja, na hapo ndipo msiba unapopata mlango wa kuingilia.

Mwandishi wa makala haya alipata kuwa jirani wa koplo mmoja wa polisi, mtu wa heshima, mcha Mungu na mtulivu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiyumba njiani. Siku moja mgongo ulimsumbua, akaenda zahanati akapewa vidonge vya kulegeza misuli na kutuliza maumivu. Jioni alimeza kimoja kama alivyoagizwa, kisha akapita kantini akanywa chupa mbili za bia pamoja na wenzake, akarudi nyumbani na kulala. Usiku wa manane alisikia mlango wa uani ukitikiswa. Aliinuka, akachukua bastola chini ya mto, akafyatua. Aliyekuwa mlangoni ni binti yake wa miaka 12, aliyekuwa akirejea kutoka chooni. Kwa rehema ya Mungu risasi iliingia katika mwimo wa mlango, shibiri moja kutoka kichwa cha mtoto.

Asubuhi, mbele ya wakubwa wake, koplo yule alisema neno moja tu: "Sikuwa mlevi." Naye alisema kweli. Chupa mbili zilikuwa hazijapata kumlewesha maishani mwake, na kidonge kile peke yake kingemlaza tu. Kilichotenda kazi usiku ule ni muungano wa viwili hivyo, na hilo hakuna aliyemwambia.

KILEO HUANZIA KICHWANI, SI MIGUUNI

Watu wengi hupima ulevi kwa miguu. Mtu akitembea sawasawa na kusema maneno yanayoeleweka, husemwa kwamba hajalewa. Kipimo hicho ni cha uongo. Kabla kileo hakijaifikia miguu, huwa kimekwisha kuugusa ule uwezo wa akili wa kupima jambo na kujizuia. Mtu huona tusi mahali pasipo na tusi, huona adui mahali alipo jirani, na papo hapo hujiamini kuliko kawaida. Mwenye fimbo mkononi bado ana nafasi ya kushikwa na wenzake. Mwenye bastola hana nafasi hiyo, kwa maana risasi ikishatoka hairudi.

Jambo la pili ni muda. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye kileo cha asilimia 5, huwa na gramu 20 hivi za kileo halisi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliwezi kuharakishwa kwa kahawa, wala kwa maji baridi, wala kwa supu ya pilipili. Basi aliyeanza kunywa saa moja jioni na kumaliza chupa nne, ana gramu 80 za kuondoa, na huenda kazi hiyo ikahitaji saa 10 au zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi, anapofunga mkanda wa bastola kiunoni ili aende lindoni, yawezekana kileo cha jana hakijamwisha mwilini. Pombe kali iliyokenekwa, yenye asilimia 40, ni hatari zaidi, kwani robo lita tu ina kileo sawa na chupa zile nne. Ama zile zinazopikwa vichochoroni, nguvu yake haijulikani hata na mpishi mwenyewe.

VIDONGE VINAVYOFUNGA MACHO

Si dawa zote zina hatari hii. Parasitamoli kwa maumivu ya kichwa haimpotezei mtu fahamu. Lakini zipo dawa za kawaida ambazo hupunguza wepesi wa macho, mkono na mawazo. Dawa za mafua na mwasho kama klorofeniramini na promethazini huleta usingizi. Dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli huleta kizunguzungu na uzito wa akili. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi, mathalani diazepamu, hukaa mwilini muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Huenda zikapita siku mbili au zaidi kabla nusu tu ya dawa hiyo haijatoka, hivyo anayemeza kila usiku huwa anaongeza juu ya akiba ya jana.

Vidonge hivi vikikutana na pombe, nguvu ya kimoja huipandisha ya mwenzake. Mtu anaweza kutenda mambo asiyoyakumbuka kesho yake. Tena dawa za jamii ya kodeini na zile za jamii ya diazepamu zikichanganywa na pombe zaweza kuzuia pumzi hata mtu akafa usingizini, bila ya bastola yoyote kuhusika.

Askari wana sababu ya pekee ya kuikumbuka dawa ya malaria iitwayo meflokwini, iliyojulikana kwa jina la Lariam. Dawa hiyo ilibuniwa katika taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, ikaidhinishwa nchini humo mwaka 1989, na kwa miaka mingi askari wa kigeni waliopelekwa nchi zenye mbu walimeza kidonge kimoja kila juma. Wengi hawakudhurika. Lakini baadhi yao walipatwa na ndoto za kutisha, wasiwasi, kushuku watu bila sababu, na hata kuona vitu visivyokuwapo. Mwaka 2009 jeshi la nchi kavu la Marekani liliacha kuifanya dawa ya kwanza ya kinga kwa askari wake, na Julai 2013 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliamuru iwekewe onyo kali kupita yote, ikitaja kwamba kizunguzungu na mvumo wa masikio vyaweza kudumu. Somo si kwamba mtu aache kinga ya malaria, kwani malaria huua. Somo ni kwamba dawa isiyoitwa ya usingizi yaweza kuigusa akili, na mwenye silaha anapaswa kumwuliza daktari kabla ya kuimeza.

SHERIA ZINASEMAJE

Jambo hili si geni kwa watunga sheria. Huko Uingereza, Sheria ya Leseni ya mwaka 1872 ilimtia hatiani mtu aliyelewa huku akiwa na silaha iliyojazwa risasi, ikamweka kundi moja na mlevi anayeongoza farasi, ng'ombe au mtambo wa mvuke barabarani. Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi 40 au kifungo kisichozidi mwezi mmoja. Fikra hiyo ilisafiri hadi Afrika Mashariki. Sheria ya Silaha ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1954, ilimkataza mtoa vibali kumpa silaha mtu mwenye mazoea ya ulevi au asiye na akili timamu, na ikahesabu kuwa ni kosa mtu kulewa akiwa amebeba silaha.

Nchini Marekani, ambako raia wengi hutembea na bastola chini ya koti, sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Katika jimbo la North Carolina, sheria ya vibali iliyoanza Desemba 1995 haikuruhusu hata tone la kileo mwilini mwa mwenye bastola iliyofichwa akiwa nje ya mali yake. Jimbo la Michigan liliweka mpaka wa miligramu 20 za kileo katika mililita 100 za damu, yaani robo ya zile 80 alizoruhusiwa dereva. Ama kuhusu dawa, North Carolina haikumhesabia kosa aliyezipata kihalali na kuzitumia kwa kipimo cha tiba. Hata hivyo, kutohesabiwa kosa si kuwa salama. Koplo wa hadithi yetu alitumia dawa yake kwa kipimo kile kile alichoandikiwa.

WAJIBU WA MWENYE SILAHA

Kanuni ni chache, na kila mmoja anaweza kuzishika.

Kwanza, silaha itangulie ghalani, kisha ndipo mtu aende kantini. Airudishe kwa mtunza silaha, atie sahihi, na asiichukue mpaka kileo kimwishe kabisa. Asiyekuwa na ghala aifungie katika sanduku la chuma, risasi zikae mahali pengine, na ufunguo awe nao mtu asiyekunywa.

Pili, asiitoe risasi bastolani mtu aliyekwisha kunywa. Kazi hiyo hufanywa kabla. Wengi wamesahau kwamba magazini ikitolewa, risasi moja yaweza kubaki ndani ya chemba.

Tatu, anapokwenda kwa daktari aseme waziwazi, "Mimi hubeba silaha, na hunywa pombe." Daktari asiyeambiwa hawezi kuonya. Kidonge kipya chochote cha kuleta usingizi kimezwe kwanza siku za mapumziko, silaha ikiwa mbali.

Nne, asiache dawa yake ghafla ili tu aruhusiwe kubeba bastola. Anayetibiwa kifafa au wasiwasi akikatisha vidonge kwa siku moja, aweza kuanguka vibaya kuliko awali. Kinachowekwa kando ni silaha, wala si tiba. Na wakubwa wa vikosi wasimfanye askari aone aibu kwa kusema kwamba anatibiwa, kwani aibu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wafiche vidonge soksini na bastola kiunoni.

NENO KWA WAKE NA JAMAA

Mama wa nyumbani ndiye aonaye kwanza. Mume akirudi amelewa na silaha anayo, usigombane naye na wala usijaribu kumnyang'anya. Watoe watoto chumbani, sema naye kwa upole, na kama waona hatari toka wewe pia, ukamwite mkubwa wake au mwenzake anayemheshimu. Kumwita si kumsaliti. Ni kumwokoa yeye na kazi yake.

Vilevile, ukimwona mtu wako amekuwa mnyonge, halali, anajitenga, anakunywa peke yake na kusema kwamba maisha hayana maana, usingoje. Mfikishe kwa daktari, na silaha iondoke nyumbani siku hiyo hiyo. Saa nyingi za giza hupita, na aliyevuka usiku mmoja aghalabu huishukuru asubuhi, mradi tu chombo cha mauti kisiwe karibu na mkono wake.

Koplo yule alikwisha kustaafu, na binti yake ameolewa na ana watoto. Siku ya arusi yake, wageni walipokuwa wakiingia na kutoka kwa mlango ule wa uani, mzee alisimama kando ya mwimo, kidole chake kikiwa juu ya tundu la risasi ambalo hakukubali lizibwe. Kijana mmoja wa jeshi alipomwuliza tundu lile ni la nini, alimjibu, "Mwanangu, hilo ni la chupa mbili na kidonge kimoja. Ukipewa silaha, kumbuka kulihesabu."